Viumbe Mseto wa Waetruski: Kusoma Taswira Zilizofiwa na Matini

Utangulizi

Waetruski waliacha maandishi mengi lakini hawakuacha fasihi. Katika eneo la Italia ya kati lililo baina ya mito ya Arno na Tiber, walikostawi tangu karne ya 8 K.K. hadi walipomezwa kabisa na dola ya Roma katika karne ya 1 K.K., yamepatikana maandishi zaidi ya 10,000 yaliyochongwa au kupakwa juu ya mawe, vyombo vya udongo, bronzi na kuta za makaburi. Alfabeti yao ilitokana na ile ya Wagiriki, kwa hivyo herufi zenyewe husomeka bila taabu. Taabu imo katika lugha, ambayo haina ujamaa na Kigiriki wala Kilatini, na katika ufupi wa yaliyoandikwa: jina la marehemu, majina ya wazazi wake, umri, cheo, na pengine jina la mungu aliyetolewa sadaka. Matini ndefu kuliko zote ilisalimika kwa sadfa tu. Ni kitabu cha kitani kilichochanwa vipande huko Misri na kutumiwa kuviringishia maiti. Maiti hiyo ilinunuliwa katika karne ya 19 na hatimaye ikafika Zagreb, na ni mwaka 1892 ambapo Jakob Krall alithibitisha kuwa maandishi ya vitambaa vyake ni ya Kietruski. Nayo ni kalenda ya ibada, si hadithi.

Hakuna basi utenzi, tamthilia wala kisasili cha Waetruski kilichosalia kwa maneno yao wenyewe. Kaisari Claudius, aliyetawala Roma tangu mwaka 41 hadi 54 B.K., aliandika historia yao kwa Kigiriki katika mabuku 20. Mabuku yote yamepotea. Kilichobaki ni taswira zao, pamoja na maneno ya majirani zao Wagiriki na Warumi, ambao aghalabu walikuwa mahasimu wao kwanza na watawala wao baadaye.

Katika taswira hizo mnyama yuko kila mahali, na mara nyingi si mnyama mmoja: simba mwenye kichwa cha mbuzi mgongoni, farasi mwenye mabawa, mtu mwenye mkia wa pomboo, mlinda mlango mwenye mdomo wa ndege. Viumbe hawa mseto wamesomwa kwa njia tatu ambazo zimezoeleka. Kuna wanaowaona kuwa ni pambo lililoazimwa kutoka Mashariki. Kuna wanaowaona kuwa ni vielezo vya visasili vya Kigiriki, tena vilivyoeleweka nusunusu. Na kuna wanaowaona wale wa karne za mwisho kuwa ni dalili ya hofu ya taifa lililokuwa likizama. Makala haya yanadai kwamba njia zote tatu zina upungufu mmoja: kila mojawapo humweleza kiumbe kwa kutazama kule alikotoka au alikoishia, si pale anaposimama. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba viumbe mseto wa Waetruski ni ishara za mpaka, na kwamba, kwa kuwa matini zao zimepotea, maana yao itafutwe kwanza katika mahali walipowekwa na kazi wanayoifanya pale, kabla ya kutafutwa katika majina waliyopewa.

Mwili wa Mnyama kama Maandishi

Ili kuelewa kwa nini mnyama alipewa uzito huu, ni lazima kuanza na dini. Mwanahistoria wa Kirumi Livy aliwaeleza Waetruski kuwa ni watu walioshughulikia mambo ya ibada kuliko mataifa mengine yote. Warumi waliyaita maarifa hayo ya Waetruski kuwa ni elimu maalumu, wakayagawa katika vitabu vya kuagua kwa matumbo ya wanyama, vitabu vya radi na vitabu vya taratibu za ibada. Vitabu vyenyewe havipo tena, lakini dhana iliyovibeba inafahamika kutokana na ulinganisho uliofanywa na Seneca katika karne ya 1 B.K. Kwa mujibu wake, Warumi walidhani umeme hutokea kwa sababu mawingu yamegongana, ilhali Waetruski waliamini kuwa mawingu hugongana ili umeme utokee. Kwao tukio halikuwa na maana kwa kuwa limetukia. Lilitukia kwa kuwa lina maana ya kutoa.

Dunia ya namna hiyo ni matini, na mwili wa mnyama ni ukurasa wake. Ushahidi ulio wazi zaidi ni ini la bronzi lililofukuliwa mwaka 1877 huko Gossolengo, karibu na mji wa Piacenza. Ni mfano wa ini la kondoo, lenye urefu wa kiasi cha sentimita 12, ambalo uso wake umegawanywa katika vyumba, na katika kila chumba limeandikwa jina la mungu. Ukingo wake una vyumba 16. Waandishi wa Kilatini nao wanasema kuwa Waetruski waliigawa mbingu katika sehemu 16. Ini ni mbingu iliyokunjwa ikaingia katika kiganja cha mwaguzi. Anapolifungua tumbo la kondoo na kulishika ini, mwaguzi hasomi mnyama. Anaisoma mbingu kupitia kwa mnyama.

Asili ya elimu hiyo nayo ilisimuliwa kwa taswira ya kiumbe asiyekaa upande mmoja. Cicero, ambaye alikuwa akikejeli, anasimulia kwamba mkulima mmoja wa Tarquinia alilima kwa kina kupita kawaida, na kutoka katika mfuo wa plau akachomoza Tages. Umbo lake lilikuwa la mtoto, hekima yake ya mzee. Watu wa Etruria wakakusanyika, naye akawafundisha uaguzi, na maneno yake yakaandikwa. Tages hakuchanganywa na mnyama, lakini ni mseto vilevile: utoto na uzee, ardhi na neno, waliozikwa na walio hai vimekutana ndani yake. Yafaa kuzingatiwa kwamba mahali anapotokea ni mpasuko wa ardhi. Hilo ndilo jambo litakalorudi mara kwa mara katika taswira zitakazojadiliwa hapa chini.

Simba Wasioonekana

Makaburi ya kale zaidi yenye michoro yanaonyesha jinsi wanyama wa mbali walivyoingia katika sanaa hii. Mwaka 2006 liligunduliwa huko Veii, kaskazini mwa Roma, kaburi linaloitwa sasa Kaburi la Simba Wangurumao, ambalo hukadiriwa kuwa la mwanzo wa karne ya 7 K.K. au mapema kidogo. Ukutani wamepakwa simba wanne waliofumbua vinywa, na juu yao ndege wa majini. Ndege ni wa mtu aliyewaona. Simba ni wa mtu ambaye hakupata kumwona simba. Taya zao ni ndefu mno na miili yao ni kama ya mbwa au ya ng'ombe. Katika Italia ya wakati ule hapakuwa na simba. Mchoraji alimjua simba kutokana na vyombo vya fedha, pembe za ndovu na vitambaa vilivyoletwa na wafanyabiashara wa Kifoinike na wa Kigiriki.

Kutokana na hali hii wahakiki wengi wamehitimisha kuwa simba, sfinksi na grifini wa karne ya 7 K.K. ni pambo tu: mitindo ya ng'ambo iliyopendwa na matajiri. Hapana shaka kwamba utajiri umo. Kaburi la Regolini-Galassi, lililofunguliwa Cerveteri mwaka 1836, lilikuwa na bizimu kubwa ya dhahabu ambayo juu yake wanatembea simba watano. Hata hivyo, kukopa umbo si kukopa maana yake. Mwenye kukopa huchagua, na uchaguzi wenyewe una mantiki. Huko Vulci, katika karne ya 6 K.K., simba, sfinksi na sentauro walichongwa kwa jiwe la volkeno, wakasimamishwa nje ya makaburi, kwenye maingilio. Sentauro wa Vulci, wa mwanzoni mwa karne hiyo, ni mtu kamili kuanzia utosini hadi miguuni, ambaye nyuma yake kimeunganishwa kiwiliwili cha farasi. Huko Tarquinia, ambako kati ya makaburi 6,000 ya Monterozzi kiasi cha 200 yamepakwa michoro, wanyama wakali wanaotazamana huwekwa mara kwa mara katika pembetatu iliyo chini ya paa, juu ya watu wanaokula karamu na kucheza ngoma. Katika Kaburi la Chui, la kiasi cha mwaka 470 K.K., wanyama waliolipa kaburi jina lake wako juu ya vichwa vya walaji, mahali ukuta unapokutana na dari.

Simba asiyeonekana nchini alifaa kwa kazi hiyo kwa sababu ileile kwamba haonekani. Mnyama wa kufugwa ni wa uani, na mnyama wa kuwindwa ni wa msituni; wote wana makao yanayojulikana. Simba, sfinksi na grifini hawakuwa na makao popote ambapo Mwetruski angeweza kufika kwa miguu. Wakawa walinzi wa mahali ambapo aliye hai hafiki.

Hadithi ya Mgeni, Shahidi Mwenyeji

Njia ya pili ya usomaji, ile inayovitazama vielelezo hivi kuwa ni visasili vya Kigiriki, ina nguvu zaidi kwa kuwa majina ni ya Kigiriki kweli. Waetruski walipenda masimulizi ya Wagiriki na waliyaandika majina ya wahusika kando ya michoro kwa matamshi yao wenyewe. Lakini kila mara umbo la mhusika linapobadilishwa, badiliko hilo ndilo mahali pa kutafuta sauti ya Mwetruski.

Kioo cha bronzi cha kiasi cha mwaka 400 K.K. kutoka Vulci kinamwonyesha mzee mwenye ndevu, mguu mmoja ameuweka juu ya jiwe, akilichunguza ini alilolishika mkononi. Maandishi yanamtaja kuwa ni Chalchas, yaani Calchas, mwaguzi wa jeshi la Wagiriki mbele ya Troya. Mgongoni ana mabawa makubwa. Katika masimulizi ya Wagiriki Calchas hana mabawa, ni mtu. Aliyemchora amechukua jina, akaongeza mabawa, na kwa nyongeza hiyo amesema alichoamini kuhusu uaguzi: anayeisoma mbingu ndani ya ini yuko pande mbili kwa wakati mmoja.

Mfano wa pili umo katika Kaburi la François, lililogunduliwa Vulci mwaka 1857. Ukuta mmoja unaonyesha tukio linalojulikana kutokana na Homer: Achilles akiwachinja mateka wa Kitroya kwa ajili ya Patroclus. Katika utenzi wa Homer waliopo ni wachinjaji na wachinjwaji. Ukutani wamesimama wengine wawili ambao utenzi hauwajui. Upande mmoja yuko Vanth, mwanamke mwenye mabawa yaliyotandazwa; upande wa pili yuko Charun, mwenye ngozi ya rangi ya buluu na nyundo mkononi. Hawaui wala hawazuii. Wapo tu pale ambapo uhai unatoka. Hadithi ni ya mgeni, lakini shahidi ni mwenyeji.

Mfano wa tatu ni mfalme wa kuzimu. Hades wa Wagiriki husemwa kuwa na kofia ya kumfanya asionekane. Aita wa Waetruski, anayeonekana katika Kaburi la Golini huko Orvieto na katika Kaburi la Orcus huko Tarquinia, amevaa kichwani ngozi ya mbwa mwitu, mdomo wa mnyama ukiwa juu ya paji la uso wake. Mbwa mwitu, tofauti na simba, alikuwa mnyama wa nchi hiyo. Hapa ndipo wahakiki wameoanisha taswira na maneno ya Pliny Mkubwa, asemaye kwamba zimwi lililoitwa Olta liliangamiza mashamba ya Volsinii, na mfalme Porsena akaliteremshia radi. Vyombo kadhaa vya kuhifadhia majivu ya maiti, vilivyochongwa Perugia na Volterra, vinaonyesha kiumbe mwenye kichwa au ngozi ya mbwa mwitu akichomoza kisimani huku watu wakimzuia. Huenda ndiye Olta, huenda siye. La muhimu ni kwamba hata bila ya Pliny taswira inasema jambo kamili: kutoka katika tundu la ardhi, kama Tages kutoka katika mfuo, kuna kinachotokea, na jamii iko pale kukikabili. Msomaji anayelibandika jina la Olta na kuendelea na safari ameacha sehemu iliyo na hakika, akachukua iliyo ya kubahatisha.

Mfano wa nne una uchungu wake. Utenzi mmoja wa kale wa Kigiriki unasimulia jinsi maharamia walivyomteka Dionysus bila kumtambua. Mungu huyo aligeuka simba, nao wakajitupa baharini wakawa pomboo. Maharamia hao wametajwa kwa jina ambalo Wagiriki waliwaitia Waetruski. Hadithi hiyo ni tusi: jirani wa baharini, mshindani wa biashara, amefanywa mwizi kisha mnyama. Lakini karibu na mwaka 510 K.K. mchoraji wa Etruria aliichora hadithi hiyohiyo juu ya mtungi wa maji, watu wakijirusha kichwangomba, wengine wakiwa tayari na miili ya pomboo na miguu ya binadamu. Kwa nini mtu achore fedheha ya watu wake? Jibu moja ni kwamba kwa Waetruski pomboo hakuwa fedheha. Katika makaburi ya Tarquinia, pomboo huruka juu ya mawimbi yaliyochorwa chini ya karamu na ngoma. Ni mnyama anayeuvuka uso wa maji kwenda chini na kurudi juu. Mgiriki aliona adhabu. Mwetruski aliweza kuona safari. Jibu hilo haliwezi kuthibitishwa kwa kuangalia mahali pa mtungi, kwa kuwa ulichimbwa kwa magendo na kaburi lake halijulikani. Ulinunuliwa na jumba la makumbusho la Toledo nchini Marekani, na mwaka 2012 yakafikiwa makubaliano kwamba urudishwe Italia. Mtungi ulirudi, mahali pake hapakurudi. Kwa taifa lisilo na matini, kuporwa kaburi ni kuchanwa ukurasa.

Suala la Istilahi: Pepo, Zimwi au Shetani?

Njia ya tatu ya usomaji inahusu viumbe wa kutisha wa karne ya 4 K.K. na baadaye. Wa kutisha kuliko wote ni Tuchulcha, ambaye jina lake limeandikwa mara moja tu, katika Kaburi la Orcus: mdomo wa tumbusi, masikio ya punda, nyoka kichwani na mkononi, mabawa mgongoni, naye anamwinamia shujaa Theseus aliyeketi kuzimu. Wanazuoni wa Ulaya wamewaita viumbe wa aina hii kwa neno ambalo katika lugha zao limebeba moto na dhambi za Ukristo. Mhakiki wa Kiswahili hana budi kuwa mwangalifu vivyo hivyo. Neno "shetani" lingeleta uasi dhidi ya Mungu, nao Waetruski hawakuwa na dhana hiyo. "Zimwi" la ngano za Waswahili hula watu, ilhali Charun hali mtu. "Jini" ana imani yake na nasaba yake. "Pepo" ndilo neno lenye madhara madogo, maadamu msomaji anakumbuka kuwa nalo ni la kuazima.

Tahadhari hii si ya maneno matupu, kwani istilahi ndiyo iliyozaa historia. Baada ya viumbe hawa kuitwa mashetani, ilikuwa rahisi kusimulia kwamba Waetruski wa karne ya 6 K.K. walikuwa watu wa furaha, na kwamba wale wa karne ya 4 K.K., waliokuwa wakishindwa na Roma mji baada ya mji, waliingiwa na giza. D. H. Lawrence, aliyeyazuru makaburi hayo mwaka 1927 na ambaye kitabu chake kilitolewa mwaka 1932 baada ya kifo chake, alisaidia kuieneza sura ya Waetruski wa ngoma na pomboo. Ni sura yenye mvuto, na haikosi ukweli. Lakini mwaka 1985 liligunduliwa Tarquinia Kaburi la Mapepo ya Buluu, la mwishoni mwa karne ya 5 K.K., ambalo linaivuruga. Katika chumba hicho kimoja, ukuta wa kushoto una msafara wenye gari la farasi na wapiga muziki. Ukuta wa mbele una karamu. Ukuta wa kulia una kuzimu, yenye mpiga kasia na mashua yake, jamaa wanaompokea marehemu, na mapepo, mmoja wao mwenye ngozi ya buluu akiwa ameshika nyoka. Furaha na pepo hazikufuatana kama enzi mbili. Zilikaa katika chumba kimoja, zikiwaangalia maiti walewale.

Tena kazi ya mapepo haya inaonekana pale yanaposimama. Charun amechukua jina la Charon wa Wagiriki, lakini aghalabu hana mashua. Ana nyundo, na makao yake ni mlangoni. Katika kaburi la ukoo wa Anina huko Tarquinia yeye na Vanth wamesimama kila mmoja upande wake wa mlango. Katika Kaburi la Akina Charun, milango ya kuchorwa, isiyofunguka, inalindwa na Charun wanne. Hakuna kati yao anayemtesa marehemu. Katika kaburi la Sarteano lililogunduliwa mwaka 2003, la karne ya 4 K.K., pepo mwenye nywele nyekundu anaendesha gari linalokokotwa na simba wawili na grifini wawili, na karibu na hapo watu wawili wamejilaza katika karamu kwa upole mwingi. Simba na grifini waliokuwa wakilinda maingilio hapo kale sasa wamefungwa nira. Wangali na kazi ileile ya mpakani, ila sasa wanauvuka.

Mkia wa Chimera

Kielelezo kinachojulikana kuliko vyote katika sanaa hii kinafunza pia jinsi usomaji unavyoweza kukiandika upya kitu kinachosomwa. Tarehe 15 Novemba 1553, wajenzi wa ngome za Cosimo wa Kwanza wa ukoo wa Medici walifukua huko Arezzo sanamu ya bronzi ya kiasi cha mwaka 400 K.K. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa simba. Ilikuwa na kichwa cha mbuzi mgongoni, lakini mkia haukuwapo. Wasomi wa Florence, akiwamo Giorgio Vasari, walimtambua Chimera aliyeuawa na Bellerophon, na Cosimo akaiweka katika kasri lake kama alama ya maadui aliowashinda. Mwaka 1785 Francesco Carradori akaitengenezea mkia: nyoka anayeing'ata pembe ya mbuzi. Wataalamu wengi wanakubaliana kuwa hakupatia. Nyoka wa asili yamkini alimkabili adui, si mwili wake mwenyewe. Hata hivyo mkia huo ungalipo, na kila mgeni wa jumba la makumbusho ya akiolojia la Florence humwona mnyama anayejing'ata.

Wakati huo wote mguu wa mbele wa kulia ulikuwa na neno moja la Kietruski, lililochorwa katika nta kabla bronzi haijamiminwa: TINSCVIL. Linaeleza kuwa sanamu ni sadaka kwa Tinia, mungu mkuu wa mbingu na mwenye radi. Halimtaji Bellerophon, wala halimwiti mnyama huyu jina lolote. Kwa aliyeitoa, jambo la kuandikwa halikuwa hadithi ya kiumbe bali njia yake: kutoka mikononi mwa binadamu kwenda kwa mungu. Wasomi walikuwa na Homer, Cosimo alikuwa na siasa, Carradori alikuwa na patasi. Mwetruski alikuwa na neno moja, na ndilo lililopuuzwa.

Mfano wa kinyume ni Mbwa Mwitu wa Capitolium mjini Roma. Tangu Winckelmann katika karne ya 18, sanamu hiyo ya bronzi ilitajwa kuwa kilele cha usanii wa Waetruski wa karne ya 5 K.K., ikijulikana tu kwamba pacha wanaonyonya waliongezwa katika karne ya 15. Mwaka 2006 Anna Maria Carruba, aliyeikarabati, alitoa hoja kwamba imemiminwa kwa kipande kimoja, mbinu ya Zama za Kati, na vipimo vya maabara vilivyofuata vikaielekeza kwenye karne ya 11 au ya 12 B.K. Mjadala haujafungwa. Lakini inatosha kuonyesha kwamba ukali wa uso na mbavu za mnyama, ambazo vizazi vya wahakiki viliziona kuwa roho ya Waetruski, huenda zilikuwa roho ya wahakiki wenyewe.

Hitimisho

Hoja ya makala haya ina udhaifu wake. Sehemu kubwa ya sanaa ya Waetruski imetoka makaburini, na anayetafuta mpaka ndani ya kaburi hatakosa kuuona. Ndiyo sababu ushahidi wa nje ya makaburi una uzito wa pekee: Chimera aliyetolewa kwa Tinia, ini la mwaguzi, na farasi wawili wenye mabawa wa udongo wa kuchoma, waliokuwa usoni mwa hekalu la Ara della Regina huko Tarquinia katika karne ya 4 K.K. na kupatikana mwaka 1938 wakiwa vipandevipande. Farasi hao hawakuwapeleka maiti popote. Walikuwa juu, pale jengo la watu linapokomea na mbingu inapoanzia. Mpaka wa Waetruski haukuwa wa kifo peke yake.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, somo hili lina uzito usiohusu Italia peke yake. Watu wanaweza kupoteza utenzi wao, historia yao na hata lugha yao, na wakabaki wakisimuliwa na waliowashinda. Anayewasoma baadaye hukuta mkia haupo, naye huwa na Homer mkononi. Vishawishi vya kuutengeneza ni vikubwa. Waaguzi wa Kietruski waliendelea kuitwa na Warumi kwa karne nyingi baada ya lugha yao kufa. Mwaka 408 B.K., Alaric alipouzingira mji, walikuwapo waliojitolea kumteremshia radi kwa ibada za zamani. Roma ilihitaji ujuzi wao hata ilipokuwa imeacha kuyahifadhi maneno yao. Uhakiki unaotaka kuwatendea haki utaanza na kile kilichopo: kiumbe, mahali aliposimama, na neno moja juu ya mguu wake.